Mkono wa Syauswa

Providence alikuwa msichana pekee katika kikundi cha mieleka cha mtaa wao, Butembo. Asubuhi alibeba mifuko ya viazi kutoka Masereka hadi sokoni. Jioni aliwabeba wavulana na kuwabwaga juu ya turubai lililotandikwa kwenye unga wa mbao. Siku hiyo kocha Timothée alikuwa anachagua mtu mmoja wa kwenda kushindana katika mji wa Beni. Providence akamwangusha Syauswa, mwenye nguvu kuliko wote, na wenzao wakashangilia.

Providence hakufurahi. Kiganja cha Syauswa kilipiga turubai kabla mgongo haujafika. Anayeangushwa kweli hapati nafasi ya kutanguliza mkono.

“Ulianguka mwenyewe,” alimwambia.

“Mimi? Aa, yaya, dada yangu, furahi tu!”

“Nani alikutuma? Kocha?”

Timothée akatazama pembeni. “Mais Providence, batu ba Beni banapenda kuona binti. Wewe enda tu.”

“Niende kuchekesha batu? Hapana. Turudilie tena.”

“Nikikupiga, utabakia hapa,” Syauswa alionya.

“Basi nipige.”

Safari hii Syauswa alimkamata kwa hasira. Providence alishuku kila hatua aliyorudi nyuma mvulana yule, akasukuma, akavuta, mpaka akampata kiunoni na kumwinua. Syauswa akaanguka kama mfuko wa viazi. Providence hakumtazama usoni; alitazama mkono. Ulikuwa bado umeng’ang’ania fulana ya Providence, haukupata hata muda wa kuiachia.

Ndipo akamwuliza Timothée gari la Beni linaondoka saa ngapi.