Nilivyopeleka Jino la Tarumbeta Kinondoni

Kilichonitoa nyumbani ni jino moja tu. Lakini lilikuwa jino la mbele, la juu, na mie ni mpiga tarumbeta. Nyie msiopiga hamwezi kujua: midomo ya mpigaji huegemea meno ya mbele, na likitoka moja, pumzi inapita kando, tarumbeta linalia kama mbuzi mwenye mafua, na watu wanakwenda zao.

Jino lenyewe liliumizwa kazini. Tulikuwa tunapiga dansi Buguruni, ukumbi umejaa, na bwana mmoja mnene akawa anacheza kinyumenyume kwa raha zake. Akaligonga tarumbeta kwa mgongo, likanirudi mdomoni. Jino halikutoka. Lilitikisika siku mbili tatu, likatulia, nami nikasahau. Baada ya miezi likaanza kubadilika rangi, likawa la majivu. Kisha ufizi ukavimba, mdomo wa juu ukainuka, uso mzima ukawa unapiga kama ngoma.

Mama yangu akasema niende kwa kinyozi. Kinyozi wetu pale Gongo la Mboto alikuwa na koleo, na hakuna jino lililowahi kumshinda. Majirani wote wakamuunga mkono Mama. Aliyekataa ni mdogo wangu Mwajuma, na Mwajuma alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ileile. Nilipokuwa najifunza tarumbeta nyuma ya nyumba, watu wakinifukuza kwa makelele yangu, yeye peke yake ndiye aliyekuwa anakaa kunisikiliza, kigoda chake kando ya kinu. Nilimwahidi tangu hapo: siku ya arusi yake nitamtoa mlangoni kwa ule wimbo niliojifunzia, wimbo usio na jina. Ndiye aliyesikia habari za daktari wa meno wa Kinondoni, Muhindi mmoja ambaye haharakishi kung'oa. Akanifungia mihogo ya kuchemsha na kuniambia nisirudi na pengo.

Jumatano asubuhi, Gongo la Mboto. Nilipanda lori la mkaa, nikakaa juu ya magunia, tarumbeta ndani ya mfuko wake mapajani. Kwa nini nililibeba tarumbeta kwa daktari? Sijui. Fundi baiskeli huenda na baiskeli, na mie nilikwenda na changu. Barabara ya Pugu ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilipita kwenye jino langu kwanza. Kufika Vingunguti tukasimamishwa na ng'ombe waliotoka mnadani Pugu, wamejaa barabara nzima, wanatembea bila haraka yoyote. Dereva akatukana, mchungaji akajibu, ng'ombe wakaendelea vilevile. Nilikaa pale juu nimeshika shavu, nikimwona kila ng'ombe ana meno mazuri kuliko yangu.

Ilala nikashuka, nikaendelea kwa miguu kupitia Magomeni. Jua lilikuwa limeshapanda nilipofika Kinondoni, nikiwa mweusi kwa mkaa. Kila niliyemuuliza alinitazama mdomo na kunionyesha njia kabla sijamaliza swali. Pale mtaani daktari hakuwa na jina jingine ila Bwana Meno. Alikuwa amepanga vyumba viwili vya mbele katika nyumba ya Kiswahili, ya udongo na bati, baraza imefagiliwa, na harufu ya karafuu inatoka mpaka njiani kana kwamba ndani wanapika pilau.

Mlango ulifunguliwa na msaidizi wake, mtu mzima mrefu, koti jeupe, jina lake Mayunga. Akaniuliza jina, nikasema Kondo. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Gongo la Mboto. Uso wake ukachangamka vibaya. Akawageukia wagonjwa waliokaa kwenye benchi akawatangazia kwamba leo kaletwa Mzaramo, na Wazaramo huwa hawatibiwi meno, wanatolewa yote kwa pamoja ili wapunguze maneno. Basi nikajua nimekutana na Mnyamwezi, mtani wangu.

Labda kuna msomaji wa mbali asiyejua. Sie na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, tangu wazee wao walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya misafara. Mnyamwezi anaweza kunitukana mbele ya wakwe zangu, nami nikamrudishia, na hakuna anayenuna. Kwenye msiba wetu yeye ndiye anayeshughulika na mazishi, huku akifanya vichekesho mpaka wafiwa wacheke. Na mtani akichukua kitu chako, huendi polisi. Unakwenda kukikomboa, kwa masharti yake. Nami, kwa mdomo ule uliovimba, nikamjibu kwamba Mnyamwezi kuvaa koti jeupe ni kulipotezea koti heshima. Wagonjwa wakacheka, hata mama mmoja aliyekuwa ameshika taya kwa mikono miwili.

Ndani, Bwana Meno alinikalisha kwenye kiti cha kuegemea. Alikuwa mtu mfupi, mpole, Kiswahili chake cha dukani lakini kinaeleweka. Alichukua kioo kidogo chenye mkono, akagonga meno yangu moja moja. Akagonga la majivu, nikaruka. Kisha akaligusa kwa pamba iliyochovywa maji ya baridi. Nilisikia ubaridi kwenye mengine yote, kwenye hilo sikusikia kitu.

"Hili jino nakufa," akasema. "Ndani nakufa. Lakini nje nzima, mzizi nzima. Sisi nasafisha ndani, nafunga, nakaa miaka mingi."

Mayunga alikuwa pembeni anapanga vyombo. Akasema taratibu kwamba basi kuna maiti kinywani mwa Mzaramo, na maiti ya Mzaramo ni kazi yake.

Nilipoona mashine yake nikafarijika, kwa sababu ilikuwa kama cherehani: unakanyaga chini, gurudumu linazunguka, kamba inazungusha kisindano juu. Hakunichoma sindano ya ganzi. Nilishika mikono ya kiti nikaanza kusoma kila aya niliyoikumbuka. Akatoboa jino kwa nyuma, upande wa ulimi, ili tundu lisionekane mtu akicheka. Wallahi, sikusikia maumivu. Kilichokufa hakiumi. Nilisikia mtikisiko tu, halafu harufu mbaya sana, usaha ukashuka, na papo hapo ile ngoma usoni ikanyamaza. Machozi yalinitoka kwa raha. Siku ngapi nilikuwa sijalala!

Hapo ndipo nilipojifunza jino lilivyo. Kumbe katikati ya mzizi kuna mfereji mwembamba, na ndani yake ndimo unamopita mshipa na damu. Tarumbeta liliponipiga, mshipa ulikufa, ukaozea mlemle, na uozo ukatafuta njia ya kutokea kwenye ufizi. Kung'oa ni kuitupa nyumba kwa sababu ndani kuna uchafu. Bwana Meno alikuwa na nyaya nyembamba kuliko sindano ya kushonea, zenye meno madogo ubavuni. Alizipitisha moja baada ya nyingine, akikwangua na kuosha, mpaka nilipostuka kidogo kwa ndani kabisa. Akaweka kucha kwenye waya kuweka alama, akajua mfereji unaishia wapi. Kisha akaingiza dawa kwenye uzi wa pamba, akaziba kwa muda, akaniagiza nirudi Jumatano ijayo.

Akaongeza kwamba mpaka hapo nisipige tarumbeta hata kidogo. Ufizi bado mbichi, jino limelegea. Nikilisukuma kwa chuma, litatoka lenyewe na yeye hatakuwa na la kufanya. Mdomo wangu ulikuwa umejaa pamba, kwa hiyo sikujibu. Sikukubali wala sikukataa. Moyoni nilishaamua: Jumamosi wimbo mmoja tu, taratibu, kwa ajili ya Mwajuma. Wimbo mmoja utafanya nini?

Nikachukua mfuko wangu aliokuwa amenishikia Mayunga, akanisindikiza barazani kwa matusi ya heshima, nikarudi nyumbani.

Jumamosi alasiri, Gongo la Mboto. Uvimbe ulikuwa umeshuka, nimevaa kanzu nyeupe, bendi imeshafika, magitaa na ngoma vimejipanga uani. Lori la kumpeleka bibi arusi kwa mumewe Temeke linanguruma. Nikafungua mfuko, nikalitoa tarumbeta, nikatafuta kidomo, kile kipande kidogo cha shaba cha kupulizia. Hakipo. Nikapekua mfuko, nikaugeuza nje ndani. Badala yake mlikuwa na pamba imefungwa kwa uzi, imekunjwa vizuri kama sanda, inanuka karafuu.

Mayunga! Nilisikia moto unapanda mpaka masikioni. Bendi nzima ilikuwa na tarumbeta moja, hilo langu, na kidomo kingine hakikuwepo. Nikamwendea Mama na ile pamba mkononi. Mama alipoiona ile sanda akakaa chini akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Nilimwambia hilo si jambo la kuchekesha. Akasema mtani hagombwi, na ningemfanya nini?

Wanawake wakamtoa Mwajuma, amefunikwa, anatazama chini kama inavyompasa bibi arusi. Magitaa yakaanza. Alipopita mbele yangu akapunguza mwendo, akasema bila kuinua uso:

"Kaka, tarumbeta lako liko wapi?"

Nilikuwa nimelishika mkononi, zima, linang'aa, halina kidomo. Akapandishwa lorini. Nililia, sioni haya kusema. Watu walidhani namlilia dada, na ni kweli, lakini nilikuwa namlilia na Mnyamwezi mmoja wa Kinondoni nimkamate koo.

Jumatano, Kinondoni tena. Nilifika baraza ikiwa imejaa. Mayunga akanipokea kama mfiwa, akaniuliza maiti inaendeleaje. Nikamwambia anipe kidomo changu kabla sijamvua lile koti. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza akaongea bila mzaha.

"Nilikuona ulivyoukumbatia ule mfuko. Ningekuomba usipige, ungenidanganya. Ndiyo maana nikachukua."

Nikabaki mdomo wazi. Bwana Meno akautumia uwazi huohuo kunikalisha kitini. Akalishika jino kwa vidole, akalisukuma mbele, nyuma. Lilikuwa limesimama imara. Ufizi mkavu, rangi yake imerudi. Alipoambiwa habari za kidomo hakucheka kama nilivyotarajia. Alinionyesha koleo lililolala kwenye sinia akasema kama ningepiga Jumamosi, leo tungekuwa tunatumia hilo.

Akatoa ule uzi wa dawa, akauosha mfereji kwa mara ya mwisho, akaukausha. Kisha akachukua vijiti vyembamba vya rangi ya waridi, ambavyo aliniambia ni utomvu wa mti uliogandishwa. Akavipitisha kwenye moto wa taa ya spiriti, akavishindilia ndani ya mzizi mpaka nafasi yote ikajaa, akafunika tundu kwa saruji yake nyeupe. Ikawa imekwisha. Nikamuuliza kama naweza kupiga. Akafikiri, akasema leo wimbo mmoja, taratibu.

Masharti ya kukomboa kidomo yalikuwa mazito. Nilisimama barazani mbele ya wagonjwa nikatangaza kwamba Wanyamwezi ni mabwana zetu tangu kuumbwa dunia, na kwamba bila wao Wazaramo wote wangekuwa vibogoyo. Nilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Mayunga alidai hakusikia. Akanipa kidomo, amekisugua kinang'aa kuliko alivyokichukua. Nikamshika mkono kwa mikono miwili. Sikuwa na neno zuri la kumwambia, kwa hiyo nilimtukana babu yake, akafurahi sana.

Alasiri, Temeke. Mwajuma alikuwa bado kwenye fungate, siku zile ambazo bibi arusi hukaa ndani na hatoki. Sikubisha hodi. Nilisimama uchochoroni, chini ya dirisha lenye pazia la kanga, nikatia kidomo, nikaweka midomo. Niliogopa. Nilipuliza kidogo tu, na jino likalipokea tarumbeta kama zamani. Basi nikaupiga wimbo wetu usio na jina, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Watoto walikusanyika, mwuza ndizi akatua mzigo wake.

Nilipomaliza nikashusha tarumbeta. Halafu kutoka nyuma ya pazia kikapanda kigelegele kimoja, kirefu, cha sauti ninayoijua tangu utotoni. Nikasikia wanawake wa ndani wanamkemea: bibi arusi gani anayejipigia vigelegele mwenyewe kwenye fungate? Akapiga cha pili.

Nilirudi Gongo la Mboto juu ya lori la nazi, tarumbeta mapajani. Kidomo sikukiacha mfukoni. Nilikifumbata mkononi njia nzima, maana taniboi wa lori lile, msaidizi wa dereva, alikuwa Mnyamwezi.