Deni la Verlene Lililolala

Msinichokoze kwa habari za benki. Nimekaa Toledo, huku Marekani, miaka mingi, jirani wa Verlene Stokes, na nikikumbuka yaliyompata damu bado inanichemka.

Verlene alihudumia wagonjwa hospitalini na aliishi na baba yake, mzee Clovis, ambaye kisukari kilimpofua macho yote mawili. Lakini ndani ya nyumba ile ya kupanga ungeapa kwamba anaona. Alijikaangia mayai mwenyewe, alishuka ngazi kwenda kufua, kisha akatoka barazani kunichokoza. "Wewe Marva, kahawa yako imeungua tena! Macho yamekufa, pua bado nzima." Alikuwa ameishi humo zaidi ya miaka thelathini, na mikono yake ilijua kila kona.

Mwenye nyumba akafariki. Wanawe wakaja, watu wastaarabu tu, wakasema wanauza, ila wanawapa wapangaji nafasi ya kwanza ya kununua mpaka mwisho wa Juni. Verlene hakutetereka. Alijua amejipanga.

Hapa kwetu, ukiwa bado mwanafunzi, hata wa nusu muda, mkopo wa masomo haukudai kitu. Unalala. Verlene alisomea uuguzi, akaacha katikati ili amuuguze mama yake, deni likabaki. Basi kila muhula alijiandikisha masomo ya jioni, yoyote yale, mara historia ya sanaa, mara ufinyanzi, mradi deni lisiamke. Wenzake wengi hospitalini walifanya vivyo hivyo.

"Benki wakiangalia, wataona nalipa sifuri," aliniambia huku akicheka. "Vyungu vyangu vinachekesha, lakini ndivyo vitakavyoninunulia nyumba."

Nilimpeleka benki kwa gari langu kuomba mkopo wa nyumba. Afisa mikopo, kijana mpole aitwaye Kowalczyk, alisoma karatasi zake.

"Bi. Stokes, mkopo wako umeahirishwa, haujafutwa. Ukiwa hulipi kitu, sisi tunachukua asilimia moja ya deni lote, tunahesabu kama vile unailipa kila mwezi. Kwako ni dola mia nne themanini. Mshahara wako haubebi hizo pamoja na nyumba."

"Lakini mimi silipi hata senti!"

"Ndiyo shida yenyewe. Ungekuwa kwenye mpango wa kulipa kulingana na mshahara, hata dola sitini, tungehesabu hizo sitini. Ungepita."

Loh! Nilitaka kumrukia. "Basi aache shule leo, aanze kulipa kesho!" nikafoka.

Kijana akatikisa kichwa. Kutoka shuleni, kupangiwa malipo mapya, kupata uthibitisho, hiyo ni miezi. Sisi tulibakiwa na wiki mbili.

Verlene hakulia. Aliniuliza tu, tukiwa garini, "Marva, nimwambie nini Baba?" Nikawasha redio kama mjinga.

Aliwaomba wale wana wa marehemu wamngoje mpaka Septemba. Walimsikitikia, kweli walimsikitikia, kisha wakamuuzia mtu mwenye fedha taslimu.

Julai Verlene na baba yake wakahamia kwenye jengo moja la ghorofa, ng'ambo ya mto. Jumapili moja niliwapelekea kuku wa kukaanga. Mzee Clovis alikuwa kitini, bado na nguo za kulalia mchana ule, na kidonda kibichi kwenye paji la uso. Alijigonga kabati akitafuta choo.

"Baba, nilishakwambia usiinuke peke yako," Verlene alisema. "Niite."

"Nilikuita. Ulikuwa kazini."

Verlene akageukia sinki, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nami nikajaribu utani wetu. "Mzee, leo nimeunguza kahawa makusudi, nisikie ukinitukana."

Hakucheka. Alikuwa akipapasa ukuta ulio kando yake.

"Marva, mlango uko wapi?"

"Unataka kwenda wapi, mzee wangu?"

"Siendi popote. Nataka tu kujua uko wapi."

Nikamshika mkono, nikamwelekeza kidole chake mlangoni. Akashukuru. Tulipomaliza kula, akauliza tena.