Nani Atamtoa Baba Mkwe Uwanjani?

Juzi, kwenye basi la kwenda Wembley, nyuma yangu waliketi Wakenya wawili, nahodha wa timu ya besiboli na mwenzake. Besiboli, si kriketi. Fainali ni Jumapili hii, na mrushaji wao, yule anayeanza mechi kwa kumrushia mpira mpigaji, ameumia.

"Mchukue baba mkwe wako," mwenzake alisema. "Amerusha mpira Marekani miaka mingi. Mzee bado ana mkono, bana!"

"Na akichoka? Nani atamwambia baba mkwe atoke? Wewe?"

Mwenzake alicheka, akatazama dirishani. Ghafla nahodha akapiga mgongo wa kiti changu.

"Mama mkwe atakuwepo! Yeye ndiye atamwita atoke. Tunamchukua!"

Nami nitakwenda. Nataka kumwona mzee akirusha, na zaidi nataka kumwona akiitwa.