Birika la Cissy

Cissy huuza chai katika mtaa wa Hai Cinema, chini ya rakuba yake, kibanda cha matete. Hupikia kuni, kwa hiyo birika lake lilikuwa jeusi kuliko vyombo vyote vya mtaa. Hakuwahi kulionea haya mpaka Mzee Owen alipoanza kulichora.

Mzee Owen ni Mmarekani. Zamani alichora watu, picha kubwakubwa. Siku hizi mkono unamtetemeka na watu hawatulii, basi anachora vitu tu: vitunguu, vikombe, kitambaa kilichokunjwa. Kiswahili alikipata Nakuru, ujanani. Mwezi mzima alifika asubuhi, akaliweka birika juu ya kiti na kuyapaka masizi yake rangi polepole, huku Cissy akichemshia chai kwenye sufuria. Jumamosi binti yake angemrudisha kwao, na mzee alitaka kuondoka na picha hiyo ikiwa imekamilika.

"Kumbe masizi yako inapanda ndege," alisema Jolly, mwenye duka la jirani. "Huko watasema sisi Waganda hatujui kuosha."

Wateja wakacheka. Cissy alicheka nao, lakini kwa haya. Kwao mgeni haonyeshwi chombo kichafu, naye alikuwa amemwonyesha mwezi mzima. Alhamisi jioni alilisugua birika kwa majivu na mchanga mpaka likang'aa.

Asubuhi Mzee Owen alilitazama, kisha akaitazama picha yake, nusu bado nyeupe.

"Mama, lile lingine liko wapi?"

"Ni hilohilo, mzee. Nimeosha."

Mzee akaketi. Hakugomba, afadhali angegomba. Cissy alikimbilia dukani kumwomba Jolly birika lake.

"Nani alikuambia langu ni jeusi?" Jolly alimjibu.

Aliporudi, mzee alikuwa ameanza upya kwenye karatasi ndogo. Cissy akawamiminia wateja chai kwanza, kisha akachungulia. Pale kwenye tumbo la birika lililochorwa alijiona mwenyewe: aproni iliyochanika kwapani, kichwa chini, uso umevutika kama kwenye kijiko.

"Nitoe hapo, mzee."

"Basi sogea."

Lakini chai ilikuwa inachemka, wateja wanangoja, na jiko liko palepale. Cissy aliinama kumimina, shingo ikimwaka kwa haya, na kila alipoinama brashi ilimfuata.