Mbao Mbili Chini ya Mashine

Mashine ya boti ya baba ilinguruma kwa shida, kama ng'ombe anayevuta plau kwenye tope, na upepo wa Ziwa Basotu ulileta harufu ya petroli hadi uwanjani kwetu. Nilikuwa darasa la tatu. Mwaka ule baba, ambaye hadi hapo alikuwa mkulima tu, alianza kuvua, na kila alasiri nilisimama ukingoni nikiitafuta boti yake kando ya matete, mahali walipolala viboko. Ilikuja polepole, pua juu, nyuma ikiburuta maji. Kiboko angeifikia bila hata kuharakisha. Kosa lilikuwa la watu wa shamba: baba alikuwa ameifunga mashine chini mno, akiamini kwamba propela, kama plau, ikizama sana ndiyo inafanya kazi. Mama, aliyeshika plau tangu usichana wake, alicheka, ila macho yake hayakucheka.

"Baba Neema, unalima ziwa? Hata ng'ombe wangegoma. Inua hicho chuma."

"Basi njoo tukaijaribu wote."

Wakapachika mbao mbili juu ya ubao wa nyuma, mashine ikapanda. Mama akavua kanga ya begani, akanipa niishike, akaingia. Boti ilichomoka kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, pua imeshuka, nami nikaanza kurukaruka. Walipokata kona karibu na matete, mashine ikalia ghafla, sauti nyembamba, kali, na boti ikasimama. Sasa mashine ilikuwa juu mno. Propela ilikata povu na hewa. Maji yakavimba kando yao, yakatokeza masikio ya kiboko. Wazazi wangu wote wawili walikuwa mle. Niliiuma ile kanga.

"Punguza mafuta!" mama alipaza sauti. Nikamwona akitambaa kwenda nyuma, akalalia ule ubao kwa uzito wake wote, kama anavyokandamiza mikono ya plau inaporuka kwenye udongo mgumu. Nyuma ikazama kidogo, propela ikashika maji, mngurumo ukawa mzito tena. Wakaja.

Ukingoni baba akachomoa ubao mmoja. "Mmoja unatosha," mama akasema, kisha akaidai kanga yake. Akaitazama ilivyotoboka. "Wewe Neema, umeila?"

Siku hizi boti za Basotu hupita zimelala vizuri majini. Vijana hupima kimo cha mashine kabla hawajatia petroli. Baba ameacha kuvua, na mama hulalamikia magoti. Nami huku mjini, pikipiki ikilia kwa sauti ile nyembamba, hujikuta nimeshika ncha ya kanga, nikitazama kama kuna mtu aliyeketi nyuma, wa kuikandamiza kwa uzito wake.