Mama Yangu, Ndengu na Machujio

Masikio yangu yaliuawa na watu wawili: mwenye kwari kule Makueni, aliyetaka mawe yatoke haraka, na msimamizi wake, aliyelipua baruti bila kupiga filimbi. Sisi akina mama tulikuwa chini tukiponda kokoto. Wengine hawakuinuka. Mimi niliinuka na nyuki kichwani, na hakuna aliyekuja kuniambia hata pole.

Ndiyo maana mwalimu wa chuo alipotuletea kwetu kijijini Kyuso kifaa cha masikio cha kujaribu, nilikubali. Nilitaka kitu kimoja tu, kumsikia mama yangu. Amezeeka, sauti imebaki uzi.

Mwalimu alinipigia kelele sikioni: ndani ya kifaa mna chujio, si la chai, ni la hesabu, linajirekebisha lenyewe likikutana na kelele. Kompyuta inatengeneza mengi. Mimi nionje kwa sikio, niseme lipi tamu. Matamu yanazalishwa pamoja, mabaya yanaachwa yafe.

"Kama mbuzi?"

"Kama mbuzi, mama."

"Na nani anachunga ndugu wasipandane?"

Alicheka. Labda alijibu, sikusikia.

Mama aliketi mbele yangu, akaambiwa aongee tu. Nje kaka zangu walikuwa wakipiga ndengu kwa fimbo. Nikaanza: hili tamu, hili hapana. Kila kizazi kipya, yale mapigo yalisogea karibu, pu, pu, hata maganda nikayasikia yakipasuka. Mvua ilikuwa imetunyima muda mrefu, na sasa tumevuna. Machozi yalinitoka. Mdomo wa mama ulicheza tu.

Mwalimu akatazama kompyuta, akashika kichwa. "Mama, umechagua kelele!"

"Kelele gani?"

"Hizo fimbo!"

"Hicho ni chakula, madam."

Tukarudia mwanzo. Sasa nilitakiwa kuua lile tamu. Mpaka leo sielewi kama ni mimi niliyekuwa nachagua au ni kompyuta, na chujio ambalo halijawahi kulima litajuaje kelele ni ipi. Lakini nilichagua. Fimbo zikafifia, zikafifia, na hapo katikati ukatokea uzi, kwa Kikamba chetu, umekasirika:

"...tangu asubuhi nasema, mwambie huyu mgeni amekalia leso yangu!"

Nikatazama mlangoni. Fimbo zilipanda na kushuka bila mlio, kama hakuna mavuno. 

"Rudia, mwaitu," nikamwambia mama.

Akarudia, kwa hasira zaidi.