Sauti ya Gurudumu la Nyuma

Kwanza ile habari ya medali ifutwe. Fundi hakumtupa shemeji yake barabarani ili akavishwe medali. Safari zile za baiskeli hazikuwa na medali. Aliyemaliza alirudishiwa kadi yake mwenyewe, yenye mihuri ya vituo alivyopitia, akapewa mkono na mwenyekiti wa chama, basi. Wanaosimulia habari ya medali, pale saluni na kwenye foleni ya maji, hawajawahi kuendesha baiskeli hata kupita soko. Na ile nyingine, ya kwamba aliitwa akasikia, akajifanya kiziwi, hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana inachafua nyumba mbili kwa mkupuo mmoja, na anayesemwa hawezi tena kujitetea.

Alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, meza ya mbao iliyokunywa mafuta mpaka ikawa nyeusi, na vyerehani vilivyongoja zamu kama wagonjwa. Mshonaji akija kulalamika, fundi alimwambia azungushe gurudumu, naye akafumba macho.

"Sindano imepinda, na umeikaza vibaya. Tena usiniambie ni mtoto."

Mshonaji alicheka, kwa kuwa alikuwa ameshafungua mdomo kusema ni mtoto. Kwa masikio hayo fundi alilisha nyumba. Kwa masikio hayo hayo alijiamini kupita kiasi.

Kwenye baiskeli za safari ndefu aliingizwa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani wa posta, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko barua zake zote. Mke alikuwa mwalimu mkuu, na hakuona sababu ya mtu mzima, baba wa watoto, kuvaa kaptura ya kubana na kujipaka mafuta ya mgando mapajani.

"Dada, ni dawa," alisema karani. "Usipopaka, siti inakula nyama."

"Basi msikalie siti."

"Tukae wapi, juu ya hekima yako?"

Fundi aliinamia sahani yake asionekane akicheka. Alimwita mkewe Mwalimu, mbele za watu na hata wakiwa peke yao, na hakuwahi kumpinga kwa maneno. Alimpinga kwa kuondoka alfajiri, chupa mbili za maji zikiwa zimefungwa kwenye baiskeli.

Na ukweli usemwe, alirudi akiwa mtu mwingine. Yeye aliyekuwa akijibu kwa "ndiyo" na "hapana" alikaa jikoni, miguu ndani ya beseni, akaeleza. Alieleza jinsi mwili unavyokataa katikati ya njia: mapaja yanakaza kama kamba iliyoloa, tumbo linakuwa tupu ghafla, na mtu mzima anatamani kulia kwa sababu kilima hakiishi. Alieleza karanga alizogawana na shemeji, punje kwa punje, wamekaa juu ya jiwe. Kisha ukaja mteremko, ukungu chini, jua likichomoza upande mmoja, na baiskeli zote mbili zikatiririka zenyewe kama maji. Shemeji aliimba wimbo wa shule ya msingi, kwa sauti mbaya. "Mwalimu," alisema fundi, "pale nilikuwa sina umri." Mkewe alimwambia maji ya beseni yamepoa. Alikuwa amesikia vizuri sana.

Katika safari hizo watu wawili hupokezana upepo. Mmoja hutangulia akaupasua, mwenzake hujibanza nyuma ya gurudumu lake, karibu kabisa, apumzike. Baadaye hubadilishana. Aliye mbele hageuki. Akigeuza shingo baiskeli inayumba, magurudumu yanagusana, na wote wawili wanakwenda chini. Kwa hiyo wengine huulizana kwa sauti kila baada ya muda kidogo: "Upo?" "Nipo." Fundi aliona hilo ni jambo la watu wasio na masikio. Gurudumu la nyuma la karani alikuwa amelipanga mwenyewe, gololi kwa gololi, na friwili yake, meno ya nyuma yanayolia pedali zikitulia, ameitia grisi yake nzito. Kila karani alipopumzisha miguu, friwili ililia taratibu, kwa sauti nene, na fundi akajua yupo.

"Ningekuwa ndani ya kinu cha kusaga ningeitambua," alijisifu mbele ya mkewe.

Mwaka wa safari ile kubwa, alasiri ya siku ya pili, waliingia kwenye tambarare isiyo na mti wala nyumba. Upepo ulikuwa wa mbele, mkali, na karani alikuwa amechoka kuanzia asubuhi.

"Shemeji, usinitupe huku," alisema.

"Nikutupe nikamwambie nini Mwalimu? Hiyo adhabu nani ataiweza? Kaa nyuma yangu. Zamu yako naichukua mimi."

Alitangulia. Na ili mwenzake asivunjike moyo, fundi yule asiyesema alianza kusema. Alipiga soga kwa sauti kubwa, macho mbele, akipokea upepo kifuani. Alimsimulia kuhusu mteja aliyeleta cherehani kikiwa na kiota cha panya ndani. Akaingia kwa mkewe.

"Shemeji, dada yako juzi kapika uji, nikachomeka kijiko kikasimama wima kama askari wa gwaride!"

Akacheka peke yake, akacheka sana. (Uji ule, isemwe hapa, haukuwa na kasoro.) Nyuma yake friwili ililia, nene, taratibu. Yupo. Akaendelea.

Alipofika kituoni, kibanda cha mabati chenye meza na birika, alisimamisha baiskeli, akasema bila kugeuka, "Karibu chai, shemeji. Leo nimekubeba kama mtoto."

"Asante, mzee," ilijibu sauti asiyoijua.

Aligeuka. Alikuwa kinyozi, mwanachama mwenzao, amelowa jasho, anatabasamu.

"Wewe umetoka wapi?"

"Nimekushika kabla ya daraja. Karani alikuwa amebaki nyuma kidogo, akanipungia mkono nipite, akasema anakuja. Nikajibanza kwako. Mungu akubariki, upepo ule ungeniua."

"Na maneno yote yale nilikuwa namwambia nani?"

"Mimi. Nilidhani unanitania."

"Nilikuwa nasema shemeji, shemeji!"

"Nikasema labda una dada unataka kuniozesha. Ningekataaje, na wewe ndiye unayenikinga upepo?"

Fundi aliinama akalizungusha gurudumu la kinyozi kwa kidole. Lililia kwa sauti nene, taratibu. Alikuwa amelitengeneza yeye, mwezi mmoja na lile la karani, kwa grisi ya kopo moja. Kinyozi alikuwa mteja wake. Kazi ya mikono yake mwenyewe ndiyo iliyomdanganya.

Sasa hapa ndipo wasemaji wanapoongeza chumvi, kwa hiyo yaelezwe kama yalivyokuwa. Msimamizi wa kituo alimwambia gari la kuokota waliochoka linakuja nyuma, na karani bila shaka ametobokewa na tairi. Alimgongea muhuri kwenye kadi, akamsogezea kiti. Fundi akakaa. Akanywa chai. Hilo halifichwi. Alikunywa kikombe kizima, akitazama barabara, akingoja kuona kofia ya karani ya rangi ya chungwa ikitokea. Haikutokea. Ndipo alipoinuka, na miguu ilikuwa imeshakuwa mbao, akarudi alikotoka, huku wenzake wakimpigia kelele kwamba safari yake imekufa. Hakumaliza. Kadi yenye muhuri ule ndiyo ya mwisho aliyowahi kuishika.

Alikuta barabara tupu darajani, na damu iliyoanza kukauka kwenye lami. Karani alikuwa amejaribu kuwafukuzia. Gurudumu la mbele liliingia kwenye ufa pembeni mwa daraja, akarushwa, akaangukia ukuta wa daraja, nyonga ikavunjika. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyemwokota na kumkimbiza hospitali ya upande walikotoka. Gari la kuokota waliochoka lilipita baadaye.

Wodini karani alimwambia neno moja.

"Nilikusikia ukicheka."

Fundi alisimama kando ya kitanda cha mgonjwa akiwa bado na kaptura yake, vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mkewe ndiye aliyejibu, siku nyingine, kwa kuwa somo lake lilikuwa sayansi. Alimweleza mdogo wake kwamba upepo ulikuwa ukitoka mbele kwenda nyuma. Kicheko cha fundi kilibebwa kikaletwa mpaka darajani, na ukelele wa karani ulirudishwa kinywani mwake. Aliye nyuma humsikia aliye mbele. Aliye mbele hasikii, ila gurudumu lililo karibu kabisa na lake. Akamleta na kinyozi, naye akala kiapo kwamba hata yeye, aliyekuwa nyuma ya fundi, hakusikia kitu.

Karani aliwatazama wote wawili.

"Dada, unanifundisha upepo mimi, niliyekuwa nimelala ndani yake? Sikatai kwamba hakusikia. Nimeelewa. Angefungua tu mdomo akauliza kama nipo, kama watu wote wanavyouliza. Na alipojua sipo, akaketi. Mimi niko juani, mfupa uko nje, yeye anapuliza chai."

Somo la sayansi likaishia hapo.

Mguu ulipona mfupi. Karani alirudi posta akitembea kwa mkongojo, na nyumba ya dada yake akaacha kuikanyaga. Sikukuu alituma watoto. Mke wa fundi alikwenda kwake, akapokewa vizuri, akapewa kiti na maneno yote ya adabu, na jina la mumewe halikutajwa. Alikuwa amebaki katikati kama kitambaa kinachovutwa na mashine mbili.

Fundi aliitundika baiskeli ukutani, korido ya nyuma, na hakuishusha tena. Watu walidhani ni uzee. Alichotaka kilikuwa kimoja, na kila aliyekula naye mezani alikijua: shemeji avuke kizingiti, akae, aseme hata utani mbaya. Alimtumia salamu kwa kila aliyekwenda posta. Alimshonea mkoba wa ngozi kwa cherehani cha mteja, akamtumia. Mkoba ulipokewa, na karani akautumia kila siku, lakini jibu halikuja. Kazini fundi alianza kumuuliza mshonaji mara mbili: "Una hakika ndiyo sauti yenyewe?" Wateja walicheka, wakasema fundi anazeeka kwa masikio. Mkewe alijua si masikio.

Alipougua moyo, mkewe alimwandikia mdogo wake ujumbe mfupi bila kumbembeleza, maana hakuzoea kubembeleza: *Anakuulizia. Njoo.* Karani akajibu kwamba atakuja mwisho wa juma, akimaliza zamu. Fundi alipoambiwa alitaka kunyolewa. Akaagiza kiti chenye mikono kisogezwe karibu na kitanda, kwa kuwa mtu wa nyonga haketi pa chini. Akauliza kama mito ipo ya kutosha. Akafa kabla ya juma kwisha, asubuhi, kiti kikiwa pale pale.

Karani alikuja. Hilo nalo watu wamelipotosha, wakasema alisimama barabarani akakataa kuingia. Aliingia. Alipita wote akaenda moja kwa moja chumbani, akakaa kwenye kile kiti, akakaa muda mrefu. Wakati wa kubeba jeneza alishika mbele, na mguu wake ule. Vijana walipomwambia, "Mjomba, tupishe, utaanguka," aliwajibu, "Nikianguka mtaniokota, mko nyuma yangu." Hakuachia mpaka kaburini. Na njia nzima, kila baada ya hatua chache, walio karibu walimsikia akiuliza bila kugeuza kichwa, "Mpo?" Wakajibu, "Tupo."

Jioni dada na mdogo wake walibaki peke yao jikoni. Mjane alimuuliza kama angekuja mapema lau angeombwa mapema. Kisha akamuuliza kama amemsamehe. Karani alimjibu maswali yote mawili.

Wapo wanaotaka kujua alijibu nini. Wameuliza kwa upole, wameuliza kwa ujanja, wengine wametuma watoto wao mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Majibu yale ni ya jikoni ile, na hayatatoka.